Mwaka wa Taa za Nyuma

Nilifika Lusu kaburi likiwa limeshafukiwa. Basi lilikuwa limetuharibikia njiani, na niliposhuka na mkoba wangu na kanga niliyojifunga kiunoni, wanaume walikuwa wanarudisha majembe, na wanawake wamechuchumaa nyuma ya nyumba wakisugua masufuria kwa majivu. Sikumjua mtu hata mmoja. Nikakaa kwenye mkeka pamoja na wengine, nikalia kidogo, kilio cha mtu aliyechelewa ambacho hakina wa kukiunga mkono. Baadaye akaja binti mmoja mwenye macho yaliyovimba, akaniamkia na kuniuliza kwa upole, "Bibi, wewe ni nani wake marehemu?" Nikamjibu kwamba nilikuwa rafiki yake. Nikaona anasubiri niongeze neno. Kwenye misiba yetu rafiki ni jibu dogo, watu wanataka kusikia shangazi, wifi, somo, jirani wa miaka mingi. Sikuwa na la kuongeza. Melania na mimi tulikuwa pamoja mwaka mmoja tu, tena haukutimia, Tabora, zamani sana, wakati mimi nilikuwa msichana mwenye mikono myeusi kwa grisi na yeye nesi wa zahanati moja ya porini. Binti akaniletea chai, akaenda kwa wageni wengine. Nilikaa pale na kikombe changu hadi chai ikapoa, nikiukumbuka mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Redioni siku nzima ilikuwa ujamaa na kilimo, na barabarani ilikuwa malori. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye chuo cha ufundi Dar es Salaam, mwanamke peke yangu katika darasa la umeme wa magari, nikapangiwa karakana moja ya serikali Tabora. Nilishuka kwenye treni asubuhi ya baridi kavu, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kazi, nikiamini kwamba nchi inanisubiri. Msimamizi wa karakana, Bwana Mfaume, alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kitambaa isiyotoka kichwani. Aliisoma ile barua, akanitazama, akaisoma tena. Hakuwa mtu mbaya. Naamini hakujua tu afanye nini na mimi. Mwishowe akasema, "Wewe shughulika na taa. Taa za nyuma. Hazina uzito." Mafundi wakacheka, naye akawatazama wakanyamaza, lakini uamuzi ukabaki palepale. Injini zilikuwa za wanaume, gia za wanaume, hata betri zilikuwa za wanaume. Mimi nilipewa bisibisi, kipande cha msasa, kopo la globu kuukuu, na ua mzima wa magari yaliyorudi kutoka porini yakiwa vipofu kwa nyuma.

Nikazijua taa zile kama mtu anavyozijua sura za ndugu zake. Vumbi jekundu la Unyamwezi linapita mahali ambapo hata maji hayapiti. Ukifungua kile kioo chekundu unalikuta limelala humo ndani kama unga, wakati mwingine na kiota cha nyigu juu yake. Globu ya nyuma ina nyuzi mbili, mmoja mdogo wa kumulika gari likitembea usiku, na mmoja mkubwa unaowaka dereva akikanyaga breki. Huu mkubwa ndio unaokufa kwanza. Unaitoa globu kwa kuisukuma ndani kidogo na kuizungusha, unaiinua kwenye mwanga, unaona tumbo lake limeingia weusi, na ukiitikisa unausikia uzi uliokatika ukilialia ndani. Mara nyingi globu ni nzima, ni kitako chake kimeota kutu ya kijani, basi unakisugua kwa msasa, unakipaka mafuta ya mgando, unairudisha. Vijino vyake viwili havilingani urefu, kwa hiyo ukiigeuza vibaya haiingii, na ukiilazimisha inapasuka mkononi. Kazi yenyewe ni ndogo. Ugumu ulikuwa mwisho wake. Taa ya breki huwezi kuijaribu peke yako, lazima mtu mmoja akae mbele akanyage breki na mwingine asimame nyuma atazame.

Mwanzoni nilikuwa naomba. "Kaka, nisaidie kukanyaga breki." "Nakuja," wananiambia, na hawaji. Au anakuja mmoja, anakanyaga mara moja na kuteremka kabla sijafika nyuma ya gari, wenzake wanacheka. Nikaacha kuomba. Nikakata ubao, nikawa nausimika kati ya kiti na breki, naubana vizuri, kisha nazunguka nyuma kutazama. Taa zinawaka, mbili nyekundu, hakuna mtu ndani ya gari. Mchana, wenzangu wakila pamoja kutoka sinia moja chini ya kivuli cha bati, mimi nilikula ndani ya lori bovu lililoegeshwa ukutani, viazi au muhogo, mlango nimeufunga kwa sababu ya nzi. Hakuna aliyenifukuza kwenye sinia lile. Hakuna aliyenikaribisha pia, na kwa msichana aliyelelewa vizuri mambo hayo mawili hayana tofauti.

Nilipanga chumba mtaa wa Ng'ambo kwa mjane mmoja, Bi Mwanaidi, ambaye mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la kutazama uani, na ukuta mwembamba kati yangu na baraza lake, ambako shoga zake walikuja alasiri kusuka ukili na kunywa kahawa. Nilirudi kutoka kazini, nikanawa mikono kwa mchanga na sabuni, nikajilaza, na sauti zao zikawa ndiyo redio yangu. Walizungumza habari za posa, za ndugu wa fulani waliopelekwa kijiji kipya, za bei ya sukari. Siku moja wakanizungumzia mimi. "Ni mtoto mtulivu," Bi Mwanaidi alisema. "Haleti mwanamume, haleti kelele." Mwenziwe akauliza, "Sasa analeta nini?" Bi Mwanaidi akafikiri. Nilimsikia akifikiri, ukili ukikwaruza mkekani. "Harufu ya mafuta ya gari," akasema. "Anakula peke yake kama mgonjwa. Namwonea huruma, lakini nitamwambia nini? Hata Kinyamwezi hajui." Nililala uso ukiwa ukutani. Leo, mimi mwenyewe nikiwa mzee, naelewa kwamba kulikuwa na mlango wazi katika maneno yale, ningeweza kutoka nikakaa pembeni ya mkeka wao. Siku ile nilisikia tu neno mgonjwa.

Melania alikuja wakati wa kiangazi. Aliingia karakana akiendesha Land Rover la zahanati, lenye turubai lililofifia rangi, akashuka akiwa na gauni jeupe la unesi lililogeuka rangi ya udongo hadi magotini. Alikuwa amenizidi miaka kiasi, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Mafundi wakamuuliza dereva yuko wapi. "Dereva alikwenda kuoa, hakurudi," alisema. "Dereva ni mimi." Akaeleza kwamba alikuwa amebeba mgonjwa, ng'ombe wakakatiza barabara, akafunga breki, na lori lililokuwa nyuma yake katika vumbi likakwepa na kuingia shambani. Dereva wa lori alimtukana hadi akachoka, kisha akamwonyesha kwamba taa zake za nyuma hazikuwaka. Wakamwambia aje wiki ijayo. Nilikuwa nimesimama na kopo langu. Nikasema, "Za nyuma ni kazi yangu," na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza, maana tangu asubuhi sikuwa nimesema neno.

Nilifungua, nikasugua, nikabadilisha. Melania alikuwa amerudi kukaa kwenye usukani kujikinga na jua. Nilipochukua ubao wangu akaniona.

"Huo wa nini?"

"Wa kukanyagia breki, dada."

"Na mimi miguu yangu hii ni ya nini?" Akakanyaga. "Haya! Imewaka?"

"Ya kulia tu."

"Sasa?"

Niligonga kitako kwa mpini wa bisibisi. "Bado. Kanyaga tena."

"Sasa je?"

Zikawaka zote mbili. "Zimewaka!" nikapiga kelele, kama mtu aliyeona jambo la maana sana, naye akaachia akakanyaga tena, akaachia akakanyaga, akicheka, na mimi nyuma nikiitikia kila mara, zimewaka, zimezima, zimewaka. Bwana Mfaume akatoa kichwa ofisini kutazama kuna nini. Hakukuwa na kitu. Watu wawili walikuwa wanajaribu breki.

Kuanzia siku ile alikuja mara kwa mara. Zahanati yake ilikuwa magharibi ya mji, kwenye ile njia ya zamani ya misafara ambayo babu yake Bi Mwanaidi aliipita kwa miguu hadi pwani na kurudi, pembe za ndovu begani. Kila alipomleta mgonjwa hospitali alipitia karakana, akaniletea karanga, au asali kwenye chupa ya dawa iliyochemshwa. Akilazimika kulala mjini alilala kwangu, kwenye kitanda kilekile, kichwa chake upande wa miguu yangu. Tulipika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga ambayo mimi sikuyajua kabla yake. Aliongea na Bi Mwanaidi kwa Kinyamwezi uani, wakicheka, na mimi nikisonga ugali nilisikia jina langu, Namsifu, likipita katikati ya maneno nisiyoyajua. "Mnanisema nini?" nilimuuliza. "Anasema mikono yako inasonga ugali kama inafunga nati," akanijibu. Na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilicheka kwa sauti.

Jambo moja lilinisumbua. Taa za Land Rover lile zilikuwa zinakufa mno. Siku moja nilifungua ile ya kushoto nikakuta globu ni nzima, imelegea tu kitakoni. Safari iliyofuata, hivyohivyo. Nikazitazama skrubu za kioo, nikaona mikwaruzo mipya, ya kitu kisicho bisibisi.

"Dada Melania, nani amefungua taa hii?"

Akatazama pembeni. "Njia mbaya, mdogo wangu. Mitikisiko."

"Mitikisiko haina kisu."

Akaegemea gari na kujifunika uso kwa mikono, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akawa analia kidogo. "Gari haliruhusiwi kuja mjini bila sababu," akasema. "Lazima mgonjwa, au ubovu. Na mimi wiki nzima sikuwa nimezungumza na mtu mwenye afya."

Ndipo aliponieleza habari za kule. Watu wa kijiji chake walikuwa wamehamishwa. Malori yalikuja, wakapakia milango, mawe ya kusagia, kuku, wazee, wakapelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara kuu, mbali na hapo. Zahanati haikuhamishwa, kwa kuwa haikuwa na amri yake. Akabaki na nyumba za watu zisizo na milango wala mapaa, na mzee mmoja mlinzi ambaye ni kiziwi. "Asubuhi niliamka, hakuna jogoo aliyewika," aliniambia. "Miaka yote nililalamika juu ya jogoo wa jirani. Sasa nakaa kitandani nasikiliza, nasema labda nimewahi mno kuamka. Jua linapanda. Hakuna." Wajawazito alikuwa akiwafuata huko walikopelekwa, kwa gari lile, na jioni anarudi kulala peke yake katikati ya magofu, kwa sababu dawa ziko huko na amri ya kuondoka haijaja. Nilimsikiliza nikiwa na globu nzima mkononi. Nilikuwa nimeamini kwamba upweke ni kitu kinachowapata wageni, watu kama mimi wasiojua lugha. Yeye alikuwa amezaliwa katika nchi ileile, Lusu si mbali, akisalimia "mwangaluka" kila mtu anamwitikia, na bado alilazimika kulegeza taa za gari kwa kisu cha jikoni ili apate mtu wa kumwambia imewaka.

Mvua zilipoanza, globu ziliadimika. Kila treni ya Dar ilikuwa inakuja nazo, tuliambiwa, na kila treni ilikuja bila. Nilikwangua mizoga yote ya magari uani hadi haikubaki globu hata moja. Katika wakati huo Land Rover la Melania likaingia karakana kwa springi iliyokatika, na yeye akaja kulala kwangu kulisubiri. Taa zake za nyuma zilikuwa nzima, nilizifunga kwa mkono wangu. Siku iliyofuata kukawa na harakati. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anapita kwenda kuvitembelea vijiji vipya, na gari lake lilikuwa halina taa za breki. Bwana Mfaume akanijia. "Toa zile za gari la nesi, funga hapa. Za nesi zitakuja na treni ya kesho."

Nikasema, "Sitoi, Bwana Mfaume."

Mafundi wote wakaacha kazi.

"Unasemaje?"

"Gari lile linabeba wajawazito. Na barabara imejaa malori. Sitoi."

Hakunifokea. Alinyoosha mkono, akachukua bisibisi kutoka mkononi mwangu, akaenda kuzitoa mwenyewe. Ilimchukua muda, maana skrubu zile alizoea kuniachia mimi nizifungue. Mkubwa akaondoka na taa zake, na hakuna aliyezungumza nami hadi mchana, jambo ambalo halikuwa jipya, ila safari hii niliona kwamba walikuwa wanatazama chini.

Mchana uleule kijana akafika Ng'ambo kwa baiskeli, amelowa, akimtafuta nesi. Mwanamke wa kijiji kipya alikuwa kwenye uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Melania alikuja karakana mbio. Springi ilikuwa imeshafungwa. Nikamwonyesha matundu mawili matupu nyuma.

"Mvua hii, na giza hili la mawingu," alisema. "Nikisimama barabarani nitagongwa kama gogo."

"Nitakaa nyuma," nikamwambia.

Tukapitia nyumbani. Bi Mwanaidi hakuuliza maswali. Aliingia ndani, akatoka na taa ya reli aliyoiacha marehemu mumewe, ya mafuta ya taa, yenye kioo chekundu kinene, akaifuta kwa upindo wa kanga na kuiwasha. "Alikuwa anasimamisha treni nzima kwa hii," akasema. "Nanyi mtasimamisha lori."

Nilikaa kwenye mlango wa nyuma, miguu nje, taa mapajani. Melania kabla ya kufunga breki alipiga bati mara mbili kwa kiganja, na mimi naiinua taa juu, hadi gari lisimame au liendelee. Ndiyo ilikuwa breki yetu. Malori ya kuhamisha watu yalitufuata na kutupita, na juu yake niliwaona wamekaa kati ya vitanda na vibuyu, wamejifunika magunia. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti kabisa, juu ya mizigo, wima, anatazama nyuma alikotoka. Tulitazamana kwa muda mrefu kwa sababu lori lao lilikuwa polepole. Sikumwamkia, na mpaka leo sijui kwa nini.

Mwanamke tuliyemkuta aliitwa Tatu. Nyumba yake ilikuwa na kuta za fito bila udongo, mvua inapita ndani. Melania alimpima, akatoka, akanivuta pembeni. "Hapa siwezi. Mpaka hospitali. Na mimi lazima niwe naye nyuma." Akanitazama. "Utaendesha?" Nilikuwa nimeendesha magari uani tu, kutoka ukutani hadi mlangoni. Nikasema nitaendesha. Taa nikampa mama yake Tatu, mwanamke mkavu, mwenye umri wangu wa sasa, nikamwelekeza: nikigonga bati, inua. Akauliza swali moja tu, "Niinue hadi lini?" Nikamwambia hadi gari liondoke tena. Akaketi mlangoni na kuishika kwa mikono miwili.

Sikumbuki njia nzima. Nakumbuka usukani uliokuwa mzito, na sauti ya Melania nyuma yangu ikisema "pumua, pumua," sijui kama alikuwa anamwambia Tatu au mimi. Tulipofika kwenye daraja dogo maji yalikuwa yanapita juu yake, sikuyaona hadi nilipoyakaribia. Nilifunga breki kwa nguvu zote, na sikugonga bati. Nilisahau. Nyuma nikasikia honi, kisha mlio wa magurudumu yakiteleza kwenye tope, mlio mrefu, nikafumba macho. Halafu kimya, mvua tu. Nilipogeuka, mama yake Tatu alikuwa amesimama wima mlangoni, taa ameinyoosha juu ya kichwa chake, na mbele yake, karibu kiasi cha kuigusa, pua ya lori.

Dereva akashuka akitukana. Alifika mlangoni, akamulika ndani kwa tochi, akamwona Tatu na mikono ya Melania. Akatuzunguka, akaingia mwenyewe kwenye maji hadi magotini, akapima kwa miguu, akarudi. "Yanapitika. Nenda taratibu, ukae kulia," aliniambia. "Mimi nitakaa nyuma yenu. Hakuna atakayewapita." Na kweli alitufuata hadi mjini, lori zima la watu na vitu vyao, akiacha nafasi, taa zake kubwa zikitumulikia barabara. Watu waliokuwa juu ya lori lile walikuwa wanatoka makwao kwenda wasikokujua, wamelowa, na hakuna aliyelalamika kwamba wanacheleweshwa. Tulipokata kona ya hospitali akapiga honi mara moja, akaenda zake.

Tatu alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume, na Melania alimfunga kwenye kanga yake mwenyewe kabla hajamkabidhi bibi yake. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi, Melania, na yule mama, taa ikiwa imezimwa chini ya miguu yetu. Nilikuwa nalia kwa sababu nilidhani tumeshindwa. Mama yake Tatu akanigeukia, akasema, "Usilie hivyo. Mwanangu mimi yumo mle ndani, anaomba maji." Kwake yeye, mtoto aliyekuwa amemshikia taa njia nzima alikuwa Tatu.

Bwana Mfaume aliniita ofisini. "Umeendesha gari la watu huna leseni."

"Ndiyo."

"Mtoto?"

"Amefariki."

"Na mama?"

"Yupo."

Alivua ile kofia yake, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kichwa chake kilikuwa cheupe kabisa. Aliishika magotini, akaitazama. Kisha akaniambia nisije kazini hadi atakaponiita. Sikuitwa kwa muda. Nililala chumbani nikiusikiliza ukuta, lakini siku ya pili Bi Mwanaidi akagonga mlango, akasema, "Toka huko. Njoo unishikie ukili," na nikatoka. Shoga zake wakanisogelea kwa maswali, na sikuweza kuyajibu mengi. Nilijifunza kusuka vibaya sana.

Niliporudi kazini globu zilikuwa zimefika. Bwana Mfaume alikuwa ameweka mbili pembeni, kwenye kikaratasi. "Za yule nesi," akasema, bila kunitazama. Lakini amri ya Melania nayo ilikuwa imefika. Zahanati inafungwa, Land Rover linarudi kwa wenyewe, na yeye anapelekwa Ulyankulu, kwa wakimbizi wa Burundi, ambako watu walikuwa wengi na manesi wachache. Nikaomba nami nipangiwe huko, nikasema hata huko magari yana taa. Nikajibiwa kwamba nimepangiwa Mwanza. Alikuja karakana kulikabidhi gari. Nilifunga zile globu mbili mpya, yeye akakanyaga breki, nami nikasimama nyuma nikamwambia zimewaka. Hatukucheka. Alikanyaga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kesho yake aliondoka juu ya lori la mahindi, ameketi kwenye magunia, sanduku magotini. Tuliahidiana kutembeleana kabla ya masika. Kisha nikaolewa, yeye akahamishwa tena, watoto, magonjwa, umbali. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, harusini kwa watu, tukiwa wote watu wazima wenye miwani. Tulishikana mikono tukakosa pa kuanzia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na watu wake wanaomngoja pembeni.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini mwaka ule umenikaa kuliko miaka niliyopendwa zaidi na kushiba zaidi. Baadaye nilipewa karakana, nikawa msimamizi, nikafundisha wasichana wengine kazi ya injini nzima. Nyumba yangu ilijaa. Lakini mtu anapoujua upweke wake akiwa kijana, halafu akamkuta mwingine mwenye upweke kama huo, anayeufahamu bila kuelezwa, hilo halijirudii mara mbili.

Nilipotoka Lusu nililala Tabora. Asubuhi nikatembea hadi Ng'ambo. Mtaa niliutambua kwa mteremko wake tu. Pale palipokuwa na nyumba ya Bi Mwanaidi sasa kuna duka la kuuza mabati na misumari, na kijana alikuwa anafagia mbele yake. Nilisimama muda mrefu mno, akaacha kufagia.

"Shikamoo, bibi. Unamtafuta nani?"

"Marahaba, mwanangu. Melania."

Alifikiri, kwa heshima, akatazama juu na chini ya mtaa. "Melania hakai hapa, bibi. Simfahamu."

"Najua," nikamwambia. "Nilitaka tu mtu wa hapa alisikie jina lake."

Akaniletea kigoda. Nikakaa, naye akaendelea kufagia akinizunguka taratibu, asinitimulie vumbi.